Mwendo wa Betri Kuukuu

Mtu asiniambie kwamba muziki ule haukuwa wa watu kama sisi. Niliulimia. Kuna mitaro kule Kilungu, kwenye mteremko ambao ukisimama juu yake unaiona barabara ya Mombasa kwa mbali, iliyochimbwa kwa wimbo wa kwanza wa kaseti ile, na mvua ikinyesha udongo unabaki pale pale tulipouweka. Nikisikia watu wakibishana muziki gani ni wa nani, huwa nawaalika waje waitazame mitaro hiyo. Bado hajaja mtu.

Ilikuwa albamu ya kwanza ya vijana wanne wa ng'ambo, roki ya magitaa makali ambayo redio zetu hazikuwa na haja nayo. Jina silitaji. Anayeijua atanitambua kwa ninavyoieleza, na asiyeijua hatapungukiwa na kitu. Nasikia inahesabiwa miongoni mwa zile zisizochuja, na wajuzi wameandika kurasa nyingi kueleza kwa nini haichuji. Mimi maelezo yangu yanaanzia kwa mama yangu na filimbi yake.

Lakini kwanza niseme ilivyonifikia. Shule yetu ya harambee ilikuwa na mwalimu wa fizikia wa kujitolea kutoka ng'ambo, kijana mrefu aliyekula muthokoi, mahindi yetu ya kukoboa, kwa uma na kuusifia kuliko sisi tuliozaliwa nao. Mkataba wake ulipokwisha, miaka ya tisini ikiwa michanga, aligawa vitu vyake kwa sisi wa kidato cha nne. Mmoja alipata neti ya mbu, mwingine sufuria, mwingine viatu vya kupandia milima. Mimi nilikuwa wa mwisho kwenye foleni, na nilipofika meza ilikuwa tupu. Akajipapasa mfukoni, akatoa kaseti isiyo hata na kasha, akaniambia kwa Kiswahili chake cha kuokoteza, "Hii ni mzuri kushinda viatu." Nilikasirika sana. Nilikuwa natembea saa nzima kwenda shule na saa nzima kurudi, na thamani ya viatu nilikuwa naijua vizuri.

Redio kaseti ya nyumbani ililetwa na baba kutoka Mombasa, alikofanya kazi na kurudi Krismasi hadi Krismasi. Ilikula betri nne kubwa, na betri nne mpya kwa mpigo mmoja sikuwahi kuziona nyumbani kwetu. Tulinunua mbili, tukachanganya na mbili za zamani. Zote zikichoka, mama alizianika juu ya bati la jiko kando ya mbaazi, na jioni zilikuwa zimepata nguvu kidogo ya kusukuma siku. Kila boma la Kilungu lilifanya hivyo. Betri haikutupwa mpaka itoe maji, na hata hapo watoto waliichukua wakachezea.

Kabla ya hapo tulikuwa na kaseti moja tu, ya mahubiri. Mhubiri mwenyewe alisifika Ukambani kote. Kwenye redio yetu alikuwa na sauti nzito ya taratibu, sauti ya mtu aliyezungumza na Musa ana kwa ana. Basi mwaka mmoja akaja kwa mkutano wa injili karibu na soko, akapanda jukwaani, akafungua mdomo, ikatoka sauti nyembamba ya haraka kama ya karani wa baraza anayesoma majina ya watu. Akina mama wa kwetu walitazamana. Mmoja akasema maskini, huyu amefunga kula siku nyingi. Tukamwombea apate nafuu. Hakuna hata mmoja wetu aliyefikiria betri, na mimi ndiye niliyepita fizikia.

Kwa hiyo nilipoitia kaseti ya mwalimu kwa mara ya kwanza, niliisikia kwa mwendo wa betri zilizoanikwa. Ngoma ilianza peke yake, nzito, yenye nafasi kubwa katikati, nafasi ya kuinua kitu na kukishusha kabla haijapiga tena. Halafu gitaa la besi likaingia likijikokota. Kisha akaja mwimbaji, na mwimbaji yule alikuwa hajui kuimba. Nasema hivyo kwa heshima zote. Sauti ilimkwaruza kooni. Mahali pa kupanda hakuweza kupanda, lakini alipanda hivyo hivyo, akaanguka, akaendelea bila kuona haya. Maneno yenyewe nilishika machache. Nilichokishika barabara ni kwamba hakuna mtu aliyemruhusu, na yeye hakuwa amemwomba ruhusa mtu yeyote. Niliusikiliza upande wa kwanza mpaka mwisho, nikairudisha kaseti nyuma kwa kalamu ya biro ili nisimalize betri, nikaisikiliza tena.

Sasa mama. Mama yangu alikuwa ngui wa mwethya wetu. Mwethya ni kundi la kusaidiana kazi, la akina mama thelathini hivi, wanaolima shamba la mmoja leo na la mwingine kesho mpaka wamalize wote. Miaka ile kazi kubwa ilikuwa mitaro ya kuzuia mmomonyoko. Unapima mstari kwa kamba, unachimba mtaro ukiukata mlima, na udongo wote unautupa upande wa juu. Ni kazi inayovunja mgongo, kwa sababu udongo wenyewe unataka kuteremka na wewe unaulazimisha upande. Hakuna anayeiweza bila wimbo. Na wimbo unahitaji ngui, yaani mtu wa kuutunga, kuuongoza, na kupuliza filimbi pale majembe yanapoanza kulegea. Bibi yangu alikuwa ngui. Alipozeeka alimvisha mama filimbi shingoni mbele ya kundi zima. Kwetu ungui hauchukuliwi, unapewa na aliyekuwa nao.

Mama alikuwa na sauti ambayo watu waliokuwa ng'ambo ya bonde waliitikia bila kujua wanaitikia nini. Sisemi hivi kwa sababu ni mama yangu. Hata waliokuwa hawampendi walisema hivyo.

Mwaka uliofuata baada ya mimi kumaliza shule, alifanyiwa upasuaji wa rovu. Uvimbe ulitolewa na uhai ukabaki, lakini sauti ikaenda. Daktari alikuwa amemwonya, na mama alikuwa ametia kidole gumba kwenye karatasi akijua. Alirudi nyumbani akinong'ona. Siku ya kwanza aliivua filimbi, akaitundika kwenye msumari juu ya meza ya redio, na hakuna aliyethubutu kuigusa. Shambani alikwenda kama kawaida. Alilima kimya kwenye mstari, na kundi zima likawa kimya pamoja naye.

Kundi lisiloimba hulima nusu. Ilikuwa Agosti, ukungu haujatoka milimani, na tulikuwa na mashamba tisa ya kumaliza kabla ya mvua za Novemba. La tisa lilikuwa letu, kwa sababu kwa desturi ya mwethya wetu ngui hulimiwa mwisho, kama mpishi anavyokula mwisho. Kwa mwendo ule wa kimya tusingefikiwa. Mwenyekiti, mama mmoja mnene mwenye bidii ambaye mumewe alikuwa mzee wa kanisa, akasimama wakati wa uji akasema kwamba atamwita mwimbaji wa kwaya kutoka kijiji cha pili awe ngui wetu.

"Si kwa ubaya," akasema akimtazama mama na kumwita mwaitu, yaani mama kwa Kikamba. "Lakini kazi ni kazi, mwaitu. Nyumba yako imetuimbia vya kutosha. Wacha nyumba ingine ishike."

Mama aliinamisha kikombe chake akanywa. Bibi alikuwa ngui, mama alikuwa ngui, na sasa tunaondolewa kama meza inavyopanguswa! Nikajisikia nikisema, "Mimi nitaongoza."

Kicheko kilianza upande wa kushoto kikafika upande wa kulia. Walikuwa na haki ya kucheka. Kila mtu alijua kwamba sijui kuimba. Katika kwaya ya vijana nilikuwa nimeombwa kwa upole nibebe vitabu. Mwenyekiti, ambaye hakuwa mtu mbaya, akasema nipewe siku mbili, aibu yenyewe itanifunza.

Siku ya kwanza niliziimba nyimbo za mama. Nilikuwa nazijua zote toka mgongoni mwake, lakini katika koo langu zilikuwa kama nguo za mtu mwingine. Palipohitaji kupaa nilipiga yowe. Akina mama waliitikia kwa huruma, na huruma haishiki jembe. Nilimwona mama akikunja uso kila nilipoharibu. Niliporudi nyumbani nililia kwa hasira, si kwa huzuni. Kisha nikawasha redio nimsikilize yule mwenzangu asiyejua kuimba.

Nilikuwa nimekaa kwenye kigoda, mkono umeshika mchi, na bila kufikiri nikawa nauinua na kuushusha kwa ngoma ile. Inua, shusha, pumua. Mwendo ulikuwa wa jembe kabisa. Ulikuwa taratibu kuliko nyimbo za mama, ambazo zilikimbia na kuwafanya wazee waachwe nyuma, na ulikuwa na uzito. Nikatafuta maneno ya Kikamba ya kuweka pale, mepesi, ambayo hayahitaji koo zuri. Niliuimbia udongo. Nikauambia kwamba umeteremka vya kutosha, umewafuata wengine mtoni, umekwenda mpaka baharini bila kuaga, na leo tumekuja kukuchukua. Na kiitikio kilikuwa neno moja tu la kuuambia urudi juu, mara nne, kila mara na jembe moja.

Siku ya pili niliuanza bila kuomba radhi. Sikujaribu kuufanya mtamu. Nilikwaruza kama yule kijana alivyokwaruza, nikaanguka alipoanguka. Mwanzo majembe yalishuka kila moja kwa wakati wake. Halafu mama mmoja mzee, ambaye siku zote alikuwa anaachwa nyuma, akaitikia kwa sauti kubwa. Wa pembeni yake akafuata. Majembe yakaanza kushuka pamoja, mstari mzima, na ardhi ikatikisika kidogo chini ya miguu. Niliwatazama nikasema moyoni, chekeni tena sasa.

Ndipo mama alipolitoa jembe lake mtaroni, akaliweka begani, akaenda zake nyumbani.

Kundi lilisimama. Mwenyekiti akajifuta jasho. "Unaona? Hata mamako amekataa. Sisi ni watu wa kanisa, na hiyo kitu ni ya disko. Mtu akipita kwa barabara atasema akina mama wa hapa wamerukwa na akili."

"Kwani huko disko wanachimba mitaro, mwaitu?" nikamwuliza.

Wachache walicheka, na safari hii hawakunicheka mimi. Sikungoja anijibu. Mgongo wa mama ulikuwa bado unaonekana kwenye kijia, lakini niliuanza wimbo upya. Kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi. Kama alitaka kwenda, na aende. Sikuwa na sauti yake, nilikuwa na yangu, na shamba letu lilikuwa la tisa.

Jioni nilimkuta anapepeta mbaazi. Nilimpita bila kumwuliza. Nilipokwenda kwenye redio niliikuta kaseti imefika mwisho wa upande wa kwanza, na nikajilaumu kwa kusahau kuirudisha nyuma kwa biro. Filimbi ilikuwa bado msumarini.

Kesho yake alikuja, akajipanga mwisho kabisa wa mstari. Tulipoanza wimbo aliinua jembe lake, lakini hakulishusha pamoja nasi. Alilishusha katikati. Sisi tukipiga, yeye amelinyanyua; sisi tukinyanyua, yeye anapiga. Siku nzima. Wenzake walimwona wakanong'onezana kwamba anaupinga wimbo, kwamba analima kwa nyimbo zake mwenyewe kichwani. Mimi pia niliamini hivyo. Iliniuma kuliko kama angenipiga kofi mbele ya watu. Lakini sikuacha. Kila nilipolisikia jembe lake la pekee likigonga baada ya yetu, niliongeza sauti. Ilikuwa vita kati yangu na mama, vita vya heshima, bila neno hata moja, na mitaro ikazidi kuchimbika.

Tulimaliza shamba la tano, la sita. Mwimbaji wa kwaya wa kijiji cha pili hakuitwa tena. Hata mwenyekiti alianza kuitikia, akitazama kando ili aonekane anafikiria jambo lingine. Wiki ya mwisho ya Oktoba tulifika kwetu, mawingu yakiwa yameshajaa upande wa mashariki, na tulichimba siku tatu mfululizo tangu umande haujakauka. Mtaro wa mwisho tulipoufunga, matone yalikuwa yameanza kudondoka kwenye vitambaa vyetu vya kichwa. Jembe la mama liligonga peke yake, la mwisho kabisa, baada ya yetu yote kunyamaza. Halafu akaenda kupika.

Usiku ule mvua ilishuka, na asubuhi mitaro ilikuwa imejaa maji ya rangi ya chai, na udongo wetu ulikuwa juu, nyumbani. Nilitaka mama aseme kitu. Alinipa uji.

Hivyo ndivyo nilivyokuwa ngui bila filimbi. Walinitania hivyo miaka yote iliyofuata. Nilipata kazi ya kufundisha chekechea huko Matinyani, upande wa Kitui, nikawa narudi Kilungu wakati wa likizo. Nikiwa mbali waliimba wenyewe, na nikirudi Agosti nilikuta wameongeza beti. Lakini kila kulipotokea ugomvi wa mwendo au zamu, mwenyekiti alikumbusha kwamba mimi sijavishwa. "Wewe ni ngui wa kujitia," alisema. Nilimjibu kwamba mitaro haijui tofauti. Ni jibu zuri na nililitoa kichwa kikiwa juu, lakini kila nilipoingia ndani nilitupa jicho msumarini, na filimbi ilikuwa inazidi kuota kutu.

Mwalimu wa fizikia alinitumia kwa posta kaseti ya pili ya wale vijana. Wakati huo walikuwa wamejifunza kuimba. Kila kitu kilikuwa kimenyooka kama shati la kupigwa pasi, na sikuweza kuilimia hata tuta moja la viazi. Hapo nilielewa kitu kuhusu ile ya kwanza ambacho sijawahi kusikia mjuzi akikisema vizuri. Mtu hufanya jambo lake la kwanza kabla hajaambiwa kwamba haliwezekani. Akishaambiwa, hata akiwa hodari namna gani, analifanya huku akisikiliza mlango kama kuna anayekuja. Ile kaseti ya kwanza haikuwa inasikiliza mlango. Ndiyo maana haikuzeeka, na ndiyo maana msichana wa Kilungu asiye na sauti aliweza kuingia ndani yake na jembe.

Mwaka mmoja redio ikaanza kula tepu. Niliibeba nilipotoka likizo ya Aprili, na mwezi wa Julai niliikabidhi kwa fundi mmoja mjini Kitui, mzee wa kofia nyeupe ambaye babu yake alikuja kutoka pwani kufanya biashara akabaki. Duka lake lilikuwa dogo na nadhifu. Akaifungua, akasafisha kichwa cha kaseti kwa pamba na spiriti, akachomeka waya kwenye stima, akabonyeza.

Sikuutambua wimbo wangu. Ngoma ilikuwa inakimbia kama mtu aliyeona nyoka. Gitaa la besi liliruka ruka. Na yule mwimbaji wangu, mtu mzima mwenye huzuni ya miaka arobaini, alikuwa kijana mdogo mwenye sauti nyembamba.

"Umeiharibu!" nikasema.

"Sijaharibu, dada yangu," akasema, wala hakuudhika. "Hii ndiyo spidi yake. Kwani wewe ulikuwa ukiisikiza na nini?"

Nikamweleza habari za betri na bati la jiko. Alicheka mpaka akavua kofia. Akaniambia kwamba betri zikichoka mota huchoka nazo, na kaseti huvutwa polepole, sauti ikawa nzito. Nikamkumbuka yule mhubiri tuliyemwombea apone.

"Basi wimbo huo umeusikiza wewe peke yako," akasema. "Wenyewe hawaujui."

"Mwenda pole hajikwai," nikamjibu.

"Ni kweli," akasema, "lakini hao hawakuwa wakienda pole."

Alinikalisha kwenye stuli, nikausikiliza upande wa kwanza wote kwa mwendo wake halali. Nilikuwa na aibu, halafu hasira, halafu nikatulia. Maana hata katika mbio zile kijana bado alikuwa hajui kuimba, na bado hakuona haya. Hicho betri hazikukigusa. Nilinunua betri nne mpya, zote kwa mpigo mmoja, kwa mara ya kwanza maishani mwangu. Nilitaka mama asikie ukweli, hata kama ukweli ungempa sababu ya kusema, umeona, nilijua ulikuwa unaimba makosa.

Nilifika Kilungu Agosti, siku moja kabla ya mwethya kuanza mzunguko mpya. Mama alikuwa jikoni akichambua mbaazi. Nywele zilikuwa zimeanza kuwa nyeupe chini ya kitambaa, na kovu la shingoni lilikuwa limebaki mstari mwembamba. Niliweka redio juu ya meza yake, chini ya ule msumari.

"Mwaitu," nikasema, "tulikuwa tumekosea miaka yote hii. Wimbo hauendi vile. Sikia."

Nikabonyeza. Alisikiliza akiwa ameinamisha kichwa upande mmoja, mkono ndani ya ungo. Ngoma ilikimbia, magitaa yakaifukuza. Kabla ubeti wa kwanza haujaisha akanyoosha mkono, akaizima. Akaigeuza redio, akafungua kifuniko cha nyuma, akatoa betri mpya moja moja na kunipakatisha zote nne. Kisha akatoka nje, nikasikia bati likilia, akarudi na nne kuukuu zikiwa bado na joto la jua. Akazipanga, akafunga, akabonyeza.

Wimbo wangu ukarudi. Nzito, polepole, wenye nafasi.

Mama akachukua mwiko. Ngoma ilipopiga, hakupiga. Alingoja, akagonga ukingo wa meza katikati, mahali pale pale ambapo jembe lake liligonga miaka yote. "Hapa," akanong'ona. Akagonga tena. Nikasogeza sikio kwenye spika. Chini ya ngoma kubwa, kwa mbali sana, kulikuwa na mkono wa pili wa mpigaji ukigusa kitu chepesi katikati ya mapigo. Nilikuwa nimeimba kaseti ile mara nyingi kuliko nilivyoimba zaburi, na sikuwahi kuusikia. Katika mwendo wa fundi haukusikika hata kidogo.

"Mimi nilidhani unanipinga," nikasema.

"Nilikuwa nakuitikia."

"Na siku ile ulitoka mtaroni ukaniacha mbele ya watu!"

Akanitazama kama anavyomtazama mtoto anayeuliza kwa nini maji yanamwagika. "Ningeitikiaje wimbo nisioujua?" akanong'ona. "Nilikuja kuusikiza."

Nikaikumbuka kaseti iliyokuwa imefika mwisho jioni ile. Nilijilaumu bure. Nililia hapo hapo mbele ya ungo wa mbaazi, bila kujificha, na yeye akaniacha nilie mpaka upande wa kwanza ukaisha na redio ikajizima yenyewe.

Halafu akasimama juu ya kigoda, akaitoa filimbi msumarini, akaipangusa kutu kwa ncha ya leso. Akanivisha shingoni.

"Kesho," akaninong'oneza, "usiwaharakishe."